Fainali Mbili Kwenye Bango Moja

Wenzake uwanjani walimwita Gundi, kwa sababu mpira ukishafika mikononi mwake ulikuwa hautoki tena. Kazini jina hilo lilileta vichekesho, maana alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, na pale gundi ilikuwa gundi kweli, debe zima nyuma ya mlango. Bwana Chapa, mwenye kiwanda, alikuwa akipaza sauti, "Leteni gundi!" na binti huyo huinuka kitini kabla hajakumbuka kwamba anayetakiwa ni lile debe.

Hayo ni ya zamani, enzi ambazo mji mzima ulikuwa unapata habari zake ukutani. Arusi, matanga, ng'ombe aliyepotea, daktari wa macho anayepita, yote yalipitia vyumba viwili vya Bwana Chapa. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu na kiti cha wateja chenye mguu mmoja mfupi. Cha nyuma kilikuwa na mashine kubwa ya kuzungusha gurudumu kwa mkono, kamba za kuanikia karatasi zenye wino mbichi, na ukuta mzima wa droo za herufi. Herufi ndogo zilikuwa za madini ya risasi, nzito na baridi. Zile kubwa za mabango zilikuwa za mbao, kila moja ndefu kama kiganja, kingo zimelika kwa uzee na uso umelainika kama mchi. Gundi alizijua kwa vidole. Hata leo, miaka yote hiyo imekwisha kupita, akisikia harufu ya mafuta ya taa huona droo ile ikivutwa, na mbao zile zikigongana polepole ndani yake.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kupanga herufi, moja moja, kinyumenyume, mpaka maneno yajae ndani ya fremu ya chuma. Kazi hiyo ilitaka subira na macho makali, naye alikuwa navyo vyote viwili. Siku za Jumamosi alifunga nywele zake kwa kitambaa, akavaa glavu alizozishona mwenyewe, akasimama golini.

Klabu ya mji ilikuwa na timu mbili. Ya wanaume ilicheza saa kumi. Ya wanawake ilicheza saa nane, jua likiwa utosini, mbele ya watu wasiozidi arobaini, wengi wao wakiwa wamekuja mapema kuwahi kivuli. Kila Alhamisi Katibu wa klabu, mtu mpole mwenye suruali iliyonyooshwa mpaka mikunjo ikasimama, alifika na karatasi ya tangazo. Juu kabisa huandikwa MPIRA, kwa herufi za mbao, halafu majina ya timu zinazokutana. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za risasi, mstari uleule mmoja: *Kabla ya hapo, wanawake watachangamsha uwanja.*

Gundi alikuwa amepanga mstari huo kwa miaka mitatu. Vidole vilivyodaka mipira Jumamosi ndivyo vilivyoupanga Alhamisi. Siku moja alimuuliza Bwana Chapa kama ingefaa kuupandisha kidogo, upate herufi za wastani.

"Mteja ndiye anayesema, binti," Bwana Chapa akajibu bila kuinua macho. "Sisi ni mkono tu."

Basi, ule mwaka ninaousimulia, mambo yalikwenda kama ambavyo hakuna aliyetegemea. Timu zote mbili ziliingia fainali. Na kwa kuwa uwanja wenye jukwaa ulikuwa mmoja tu, fainali zote mbili ziliwekwa siku moja.

Alhamisi Katibu akaja na karatasi yake. Bwana Chapa alikuwa amekaa pembeni ameshika shavu, jino linamtesa tangu usiku, hana habari na mtu. Gundi ndiye aliyeipokea. Akasoma. Juu: FAINALI. Chini: *Kabla ya hapo, wanawake watachangamsha uwanja.*

"Bwana Katibu," akasema, "na yetu ni fainali."

"Naam, na hongereni sana. Mmetupa sifa."

"Basi iandikwe fainali."

Katibu akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na ni lazima lisemwe hilo. Mipira yao ya mazoezi yeye ndiye aliyewatafutia. "Binti, watu wanajua."

"Watajuaje, Bwana Katibu? Wanajua kwa kusoma hili."

"Bango likijaa maneno halisomeki. Hilo wewe unalijua kuliko mimi, si ndiyo ufundi wako?" Akaangalia saa yake, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Bwana Chapa naye akainuka. "Nakwenda kung'oa," akasema kwa taabu. "Panga, chapa mia mbili, anika. Nitayakuta yamekauka."

Gundi akabaki peke yake na karatasi ile. Alikaa nayo kitambo. Kisha akaigeuza kifudifudi mezani, akavuta droo ya mbao.

Hapo akakuta kizuizi ambacho hakukifikiria. Aliyezichonga herufi zile, popote alipokuwa, hakujua jinsi lugha yetu inavyokula A. Zilikuwemo sita tu. W zilikuwa mbili, na M mbili. Alitaka kuandika FAINALI, halafu WANAWAKE, halafu WANAUME, yote kwa ukubwa mmoja, na hesabu ikamkatalia: A zinatakiwa saba, W tatu. Akazunguka chumba mikono kiunoni. Mwisho akaamua kuchapa mara mbili. Kwanza FAINALI peke yake, kwa wino mwekundu, karatasi zote mia mbili. Kisha akaziosha herufi kwa mafuta ya taa, akazifuta kwa tambara, akapanga tena mistari miwili kwa wino mweusi. Wa kwanza ulikuwa wa saa nane, wa pili wa saa kumi, kwa kuwa ndivyo mechi zilivyofuatana. A zikatosha. Kwa W ya tatu akachukua M iliyobaki, akaipindua miguu juu.

Wakati anazungusha gurudumu akaingia Mkunga, beki wa kati na nahodha wao. Jina hilo lilikuwa la kazi yake hasa, kwani alikuwa akizalisha wodini, na sauti iliyowaambia wazazi wasukume ndiyo hiyohiyo iliyowapanga mabeki. Hata mtu aliye nje ya uwanja aliisikia. Gundi aliizoea mno kiasi kwamba mara nyingi hakutazama mpira uko wapi, alisikiliza Mkunga anasema nini.

Mkunga akainamia fremu, akakunja uso. Maneno yaliyo kinyume hayakumwambia kitu. Akageukia kamba, akaona karatasi zilizoanikwa, akasimama wima.

"Gundi. Umefanya nini?"

"Fainali si mbili?"

"Watakufukuza kazi."

"Nitakuja kuzalisha na wewe."

"Wewe? Utamdaka mtoto umng'ang'anie mama yake asimpate." Wakacheka mpaka Mkunga akakaa kwenye kile kiti cha wateja kikayumba. Halafu akawa anatazama karatasi zile zinavyopepea kambani, jina lao likiwa kubwa kama la mtu mwingine. "Hebu nipe moja nimpelekee mama yangu," akasema. "Hajawahi kuamini."

Bwana Chapa alirudi jioni, shavu limevimba kama amemeza chungwa, mdomo umejaa pamba. Daktari alikuwa amemkataza kusema mpaka kesho yake. Akaingia chumba cha nyuma, akasimama chini ya kamba. Gundi alikuwa ameshaandaa maneno ya kujitetea, lakini ni vigumu kujitetea mbele ya mtu asiyesema kitu. Bwana Chapa akasoma bango la kwanza. Akasoma la pili, kana kwamba huenda likawa na habari nyingine. Akainua kidole, akakiweka juu ya ile W iliyopinduliwa, akamtazama Gundi. Kisha akachomoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye kipande cha karatasi: *Hii imelewa.*

"Zilikuwa hazitoshi," Gundi akasema.

Akaandika: *Ni yote hivi?*

"Yote. Mia mbili."

Mzee akakaa. Akashika shavu. Gundi akamsikia akipumua kwa pua, muda mrefu, na nje mtu anapita anapiga mluzi. Mwisho akaandika tena, akamsukumia karatasi: *Yaache yakauke vizuri. Wino mwekundu huchelewa.*

Ijumaa asubuhi mabango yalikuwa ukutani mji mzima. Saa tatu Katibu aliingia na moja mkononi, limechanika pembeni alipolibandua, na mikunjo ya suruali yake siku hiyo haikusimama.

"Bwana Chapa, hiki ni nini?"

Bwana Chapa akaonyesha shavu lake.

"Nakuuliza, mimi nilileta karatasi yenye saini yangu. Iko wapi?"

Bwana Chapa akaonyesha shavu tena, kwa huzuni kubwa. Shavu lilikuwa halimuumi hata kidogo, alikuja kuungama baadaye, na kuongea angeweza tangu alfajiri.

Katibu akamgeukia Gundi. "Umenizunguka, binti. Ungeniambia."

"Nilikwambia Alhamisi, Bwana Katibu."

Katibu akalikunja lile bango mara nne, taratibu, akalitia mfukoni. "Jumatatu tutazungumza," akasema, na hiyo ilimtisha Gundi kuliko kama angepiga kelele.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Waliishi watatu: yeye, mama yao, na kaka yake, Treni, winga wa kulia wa timu ya wanaume. Baba alikuwa amefariki zamani. Treni alikuwa amepewa jina hilo kwa mbio zake na kwa tabia yake ya kutopinda kona. Mama aliwafulia jezi wote wawili. Ya Treni aliianika kamba ya mbele, upande wa barabara. Ya Gundi aliianika nyuma, kati ya shuka mbili, watu wasiseme. Gundi hakuwahi kumuuliza, na Mama hakuwahi kueleza.

Ijumaa ile chakula cha jioni kilipopakuliwa, Treni hakugusa sahani.

"Nahodha wetu anauliza," akaanza, "kama na sisi tuje saa nane tuwabebee maji."

"Mwambie asante, ndoo tunazo."

"Sifanyi mzaha. Tangu lini sisi tukaandikwa WANAUME? Imeandikwa pale kama mlango wa choo! Mpira ni mpira. Mtu akisoma mpira anajua ni sisi."

"Ndiyo hapo sasa, kaka. Na sisi tunacheza nini?"

Mama akaficha mdomo kwa upande wa kanga. Treni akamwona. "Mama, unacheka?"

"Mimi? Nimepaliwa."

"Sikiliza." Treni akaweka viwiko mezani, na sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayesema jambo lake hasa. "Nimecheza miaka saba. Mvua, matope, nimevunjika kidole mara mbili. Watu wanakuja kwa mamia kwa sababu ya jasho letu. Ninyi wanakuja arobaini, na ishirini ni mama zenu. Halafu herufi ziwe sawa? Kwa lipi?"

"Mimi hata mama yangu haji," Gundi akasema.

Mama akaacha kujifanya amepaliwa.

"Wanakuja arobaini kwa sababu wengine hawajui tupo," Gundi akaendelea. "Wajue kwanza. Kisha wasije kama hawataki."

"Na wakija?" Treni akauliza. "Wakija wote, mtaweza?"

Gundi alilala na swali hilo. Kusema kweli alilala vibaya.

Jumamosi, saa saba na nusu, walikuwa wanabadilisha nguo ndani ya stoo ya vifaa, kwa sababu chumba cha wachezaji kilikuwa kimefungwa kikisubiri wanaume. Mkunga alikuwa anafunga viatu akasimama ghafla. "Nini kile?" Wakasikiliza. Ulikuwa mvumo, kama maji mengi yanayopita mbali. Mmoja akachungulia nje akarudi macho yamemtoka. "Wamejaa," akasema. "Jukwaa zima."

Wengine walikuwa wamekuja kwa kudhani mechi kubwa ni ya saa nane. Wengine walitaka tu kuona bango lile lilikuwa na maana gani. Wengine, kina mama wa sokoni na wasichana wa shule, walikuja kwa sababu waliona neno WANAWAKE kubwa kama ukuta, wakadhani wameitwa. Kwa vyovyote walikuwepo, mamia kwa mamia, na Gundi akatoka kwenda golini mbele yao wote.

Hakuna aliyekuwa amewaambia habari ya kelele. Miaka mitatu walikuwa wamecheza katika utulivu ambao ungesikia mpira ukigonga nyasi. Siku ile Gundi alimwona Mkunga akifungua kinywa, akaona mishipa ya shingo ikitoka, na hakusikia hata herufi moja. Katika dakika ya kumi na moja ikaja krosi ya juu, ya kawaida, aina ya mipira ambayo yeye hudaka huku anafikiria mambo mengine. Mkunga akapiga kelele, "Acha!" Gundi hakusikia. Akatoka. Mkunga naye akaruka. Wakagongana paji kwa paji, wakaanguka pamoja, na mpira ukadunda mara moja, mara mbili, ukajikokota wenyewe mpaka ndani ya wavu, bila haraka, kama mgeni anayejua nyumba.

Jukwaa zima likaangua kicheko. Halafu wakaanza kuzomea. Walimzomea kila alipogusa mpira, kwa sauti moja, kwa raha. Mtu mmoja mwenye sauti ya baragumu akasema, "Huyo ndiye Gundi? Huyo ni sabuni!" na jina la sabuni likashika hapohapo, likazunguka jukwaa zima.

Kipindi cha pili walikomboa bao kwa kichwa cha Mkunga mwenyewe, na kitambo kidogo ilionekana mambo yatageuka. Gundi alidaka mipira mitatu ambayo siku nyingine angeisimulia mwezi mzima. Lakini zikiwa zimebaki dakika sita wakafungwa la pili, shuti safi la mbali, hakuna wa kulaumiwa. Filimbi ikalia. Mbili kwa moja.

Hakungoja kupeana mikono na mtu. Alipita nyuma ya jukwaa mpaka kwenye bomba la maji, akakaa chini juu ya saruji, akajifunika uso kwa zile glavu alizozishona, akalia kwa kwikwi. Alilia kwa kushindwa, na zaidi alilia kwa bango. Yeye ndiye aliyewaita watu wale. Angeacha mstari mdogo mahali pake, wangefungwa mbele ya watu arobaini, na saa hizi wangekuwa wanacheka njiani kurudi nyumbani.

Akasikia viatu vya mpira vinakwaruza saruji. Alikuwa Treni, ameshavaa, zimebaki dakika kumi aingie.

"Nenda, kaka. Najua unachotaka kusema."

"Hujui." Akakaa kando yake, miguu ameinyoosha. Akafungua bomba, akamwagia maji kwenye kiganja, akampa anawe. "Wamekuitaje?"

"Sabuni."

Treni akatikisa kichwa, na Gundi akaona anajizuia kucheka. "Unajua mimi mwaka wangu wa kwanza waliniitaje? Mkokoteni. Msimu mzima. Kila nikigusa mpira, mkokoteni, mkokoteni. Mama hajui hadi leo, nilimwambia wanasema kitu kingine."

"Ulifanya nini?"

"Nilikimbia zaidi. Nitafanya nini tena?" Akavuta soksi zake juu. "Nilikuwa pale juu kipindi chote. Unajua watu hawamzomei asiyecheza, dada yangu. Miaka mitatu wamekuwa wakipita mbele yenu kama hamko. Leo wamekukasirikia. Mimi ndani ya moyo nikasema, haya, ameingia." Akainuka, akampigapiga begani kwa namna ya mtu asiyezoea. "Ile krosi lakini, ulipaswa kuiacha."

"Sikusikia!"

"Hutasikia tena. Ndiyo uanze kutazama."

Gundi akanawa uso, akarudi jukwaani kutazama fainali ya saa kumi. Na hapo akaona kitu ambacho alikuwa amekitazama miaka mingi bila kukiona. Treni alikosa bao la wazi, goli liko tupu, na jukwaa lilelile likamrukia kwa matusi yasiyoandikika. Treni akapangusa jasho, akarudi mahali pake, akaomba mpira tena. Wakashinda moja bila, naye hakufunga. Pembeni ya Gundi mwanamke mmoja alikuwa amesimama juu ya benchi, kanga imeanguka mabegani, anamtukana refa kwa maneno aliyokuwa amewakataza wanawe maisha yao yote. Gundi akageuka. Ilikuwa Mama.

"Umekuja saa ngapi?" akamuuliza.

Mama akashuka kwenye benchi, akajifunga kanga upya. "Saa saba," akasema. "Nilitaka kivuli." Halafu akaongeza: "Yule beki wenu kichwa kigumu. Hajakuumiza?"

Jumatatu Katibu akafika. Bwana Chapa alikuwa na sauti yake tena, amekaa mbele, na Gundi alikuwa amekwisha kukusanya vitu vyake ndani ya kikapu, tayari kwa lolote. Katibu hakukaa.

"Ulichofanya si sawa," akamwambia Gundi. "Saini yangu ni saini yangu. Sitaki itokee tena."

"Haitatokea, Bwana Katibu. Nisamehe."

"Vizuri." Akakohoa. Akatoa karatasi mpya, mechi ya kirafiki ya kufunga msimu. Gundi akaisoma ikabidi aisome tena. *Saa nane, wanawake. Saa kumi, wanaume.* Neno la kuchangamsha halikuwepo.

"Mlinzi wa mlango anasema walijaa saa nane kasoro," Katibu akaeleza, akitazama dirishani. "Na tangu jana watu wananiuliza yule kipa sabuni anacheza lini tena. Wanataka kuja kumzomea."

"Na ukubwa wa herufi?" Gundi akauliza.

"Hayo ni ya mchapaji."

Wakamtazama Bwana Chapa. Akajikuna shavu lililopona. Akasema wanaume wabaki na zile za kiganja, wanawake wapewe zinazofuata kwa ukubwa, za vidole vinne. Gundi akasema hapana, sawa kwa sawa. Bwana Chapa akasema binti, vidole vinne leo. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mwisho Gundi akapanga vidole vinne, kwa uchungu, akizipiga mbao zile kwa nyundo zaidi kuliko zilivyostahili.

Watu walikuja wakamzomea, kweli. Walimzomea hata nusu ya msimu uliofuata. Aliacha kusikiliza akajifunza kutazama, na polepole jina la sabuni likafifia, wakabaki wazee wawili watatu wanaolitaja kwa mapenzi. Ilichukua misimu miwili zaidi herufi kulingana. Zikalingana msimu mmoja tu. Halafu Mkunga akahamishiwa hospitali ya mbali, washambuliaji wawili wakaolewa miji mingine, Katibu mpya akaja na mawazo yake, na timu ikafa, bila mtu kutangaza kwamba imekufa. Alhamisi moja tu mstari haukuwemo kwenye karatasi.

Bwana Chapa alizeeka, kiwanda kikafungwa. Herufi za mbao zilinunuliwa na mwenye hoteli, akazipigilia ukutani kuwa pambo, zimepakwa rangi za kila aina, hazisemi neno lolote. Gundi aliwahi kuingia humo mara moja, akanywa chai, akatoka. Mama alishafariki. Treni ana wajukuu, na magoti yake yanamjulisha mvua siku mbili kabla.

Siku hizi redioni watu wanabishana. Timu za wanawake ziwekwe kwenye matangazo sawa na za wanaume, au zingoje kwanza zipate mashabiki? Wanapiga simu, wanapandishiana, kila mmoja anasema kama vile jambo hilo limezaliwa juzi. Gundi huwasikiliza akiwa anachambua mboga, na mara nyingine huijibu redio kwa sauti, mpaka mjukuu wa Treni anauliza kuna mgeni gani jikoni.

Jioni moja wiki iliyopita Mkunga alimpigia simu. Ameshastaafu, anaishi na binti yake. Sauti imebaki ileile. Gundi huweka simu mbali na sikio.

"Tumebaki saba," Mkunga akasema. Walihesabu pamoja, jina kwa jina, walikokwenda na waliokwenda moja kwa moja.

"Unafanya nini saa hizi?" Mkunga akauliza mwishowe.

"Nalala mapema. Kesho wasichana wa hapa mjini wanacheza, kuna mechi yao, na wanasema uwanja utajaa. Nataka nifike kabla ya umati."

"Wako vizuri?"

"Mbele wako vizuri. Nyuma hawapangani," Gundi akasema, na wakaanza kuwazungumzia hao mabeki, mmoja mmoja, mpaka giza likaingia na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa.